Popo, domodomo na mtoto anayepiga vidoko

Safu ya ULIZA MWALIMU huandikwa na mwalimu mstaafu wa Biolojia, Mwanza. Mwezi huu barua nne zimegusa jambo moja: wanyama, na hata watu, wanaojua kilicho mbele yao bila kutumia macho. Nimeziweka pamoja.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natembeza wageni kwenye mapango ya Amboni hapa Tanga. Huwa nawaeleza kwamba popo hupiga kelele tusizozisikia, kisha husikiliza mwangwi ajue ukuta uko wapi. Juzi mtoto mmoja wa shule akaniuliza: popo wa kwanza kabisa ilikuwaje? Kama alikuwa na nusu tu ya uwezo huo, si angejigonga ukutani akafa kabla hajazaa? Nilikosa la kusema. – Kijana wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mtoto msalimie sana, amegusa penyewe.

Kwanza ujue watu walivyoligundua jambo lenyewe, litakufaa ukiwa na wageni. Mwaka 1793, mjini Pavia, Italia, kasisi na mtafiti Lazzaro Spallanzani alimwona bundi wake akijigonga huku na huku mara mshumaa ulipozimika. Popo, katika giza lile lile, waliruka bila shida yoyote. Akawapofusha baadhi yao, ukatili ambao siwezi kuupamba, akawaachia. Aliponasa tena baadhi yao alikuta matumbo yamejaa wadudu. Mwenzake wa Geneva, Louis Jurine, akawaziba popo masikio, na hapo ndipo walipoanza kugonga kila kitu. Jibu lilikuwa tayari mkononi. Lakini kwa kuwa popo akiruka sisi hatusikii kitu, wakubwa wa sayansi wa zama zile walikataa kwamba mnyama aliye kimya anaweza kujiongoza kwa masikio. Jambo likalala kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1938 mwanafunzi wa Harvard, Donald Griffin, alibeba popo wake hadi kwa profesa wa fizikia, G. W. Pierce, aliyekuwa na mtambo wa kunasa sauti za juu mno. Mtambo ukawashwa, na wale popo "wa kimya" wakasikika wakipiga kelele mfululizo. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Popo wengi hulia juu ya hapo, na wengine hupita 100,000.

Sasa hiyo nusu. Babu wa popo hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa mnyama mdogo mwenye nywele na damu moto, aliyetembea usiku, mwenye sauti na mwenye masikio mazuri. Tazama kirukanjia, yule mdogo mwenye pua ndefu anayepita kando ya ukuta wa jiko. Ana vilio vyembamba anavyovitoa anapoingia mahali pageni, na watafiti wameonyesha kwamba mwangwi wa vilio hivyo humsaidia kujua kama mbele ni wazi au pamezibwa. Ni kidogo tu, hawezi kumwindia mdudu kwa njia hiyo. Lakini kidogo hicho kinamfaa leo, usiku huu, na hasubiri kije kiwe kikubwa ndipo kimsaidie.

Au chukua popo wa matunda. Wengi wao hawana kabisa kilio cha kooni kama cha popo wala wadudu. Yupo mmoja, popo wa matunda wa Misri, anayepatikana pia Afrika Mashariki na anayelala mapangoni: huyu hupiga vidoko kwa ulimi, viwili viwili, na ukikaa kimya pangoni vingine utavisikia kwa sikio lako. Macho yake ni mazuri, kwa hiyo vidoko humsaidia zaidi pale mwanga unapokwisha. Halafu mwaka 2014 kukatangazwa jambo lililonifurahisha mno. Popo wa matunda wa Asia, walioaminika kuwa hawana chochote cha namna hii, walionekana wakitoa mlio kwa mabawa, na katika giza totoro wakautumia kutambua kitu kikubwa kilicho mbele yao. Ukiweka waya, wanaugonga. Hiyo hapo nusu aliyoitafuta mtoto wako, mwanangu, hai na inaruka. Anayetambua ukuta bila kuuona waya bado ana nafuu kuliko asiyetambua hata ukuta. Kizazi baada ya kizazi, mwenye sikio zuri kidogo kuliko wenzake alikula zaidi na kulea zaidi, mpaka tukafika kwa huyu wa leo anayemkamata mbu angani.

Na huyu wa leo ni ajabu kwelikweli. Mwangwi wa kitu kilicho umbali wa mita moja humrudia kwa takriban sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde moja. Anapomkaribia mdudu huharakisha vilio mpaka vinakaribia 200 kwa sekunde moja, kwa misuli ya koo iliyo miongoni mwa misuli yenye kasi kubwa kuliko yote inayojulikana kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kilio chenyewe kina nguvu ya kumdhuru masikio, kwa hiyo kila anapolia kijisuli kidogo ndani ya sikio hukaza na kupunguza sauti, kisha hulegea upesi ili mwangwi usikike. Wadudu nao hawakulala. Nondo wengi wameota masikio yanayosikia kilio cha popo, na wapo wanaojibu kwa milio yao wenyewe ili kumvuruga hesabu.

Kipi kilitangulia, kuruka au mwangwi? Mwaka 2008 kulielezwa kisukuku kutoka Wyoming, Marekani, cha popo aliyeishi miaka kama milioni 52 iliyopita, akaitwa Onychonycteris finneyi. Mabawa kamili, kucha kwenye vidole vyote vitano, lakini koklea, ule mfereji uliojiviringisha ndani ya sikio, ilikuwa ndogo kama ya popo asiyetumia mwangwi. Waliomweleza wakasema kuruka kulitangulia. Miaka miwili baadaye wengine wakautazama mfupa mmoja wa koo wakapinga, na kwa kuwa kisukuku kilibonyezwa bapa na mawe, ubishi haujafungwa. Mimi naegemea upande wa kuruka kwanza, kwa sababu ya gharama. Popo aliyetulia akilia kwa nguvu hutumia nishati nyingi. Akiwa angani, misuli ile ile inayopiga mabawa inasukuma pumzi nje, na kilio kinapanda humo humo karibu bure. Mnyama aliyekwisha kuruka alikuwa na kelele za bei nafuu.

Kuna fumbo jingine ambalo wageni wako watalipenda. Popo wa wadudu wenye pua ya umbo la kwato wana undugu wa karibu zaidi na popo wa matunda kuliko na popo wengine wa wadudu. Jeni zao zinasema hivyo wazi. Basi ama babu wa popo wote alikuwa na mwangwi na jamaa ya matunda wakaupoteza, ama ulianza mara mbili. Popo mkubwa wa Pemba, anayepatikana kisiwani humo tu, huishi kwa macho yake makubwa na pua yake, hulala juu ya miti mchana kweupe, na hana haja na mwangwi hata kidogo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama muuza samaki hapa mwaloni Kirumba. Mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo, alishika domodomo akasema samaki huyu ana umeme. Nimemshika domodomo tangu utotoni, sijawahi kupigwa shoti. Ananidanganya? – Mama wa Mwaloni

JIBU: Hakudanganyi, mama. Ana umeme kweli, ila ni mdogo, volti chache au pungufu, na anautoa akiwa hai majini. Anayefika kwenye meza yako ameshaacha kuutoa.

Nilipokuwa nafundisha, mvuvi mmoja alituletea domodomo mdogo akiwa hai kwenye ndoo. Tulimweka kwenye tangi la kioo, tukatumbukiza nyaya mbili zilizounganishwa na amplifaya na spika ya redio ya zamani. Spika ikaanza: tak, tak-tak, tak, tak-tak. Darasa zima likanyamaza. Mwanafunzi mmoja akaingiza kijiti polepole majini, bila kumgusa samaki, na mapigo yakaenda mbio, tak-tak-tak-tak, kisha yakatulia alipokwisha kukizoea. Alikuwa anakikagua kile kijiti. Siku ile nilielewa kwa masikio yangu kitu nilichokuwa nikikifundisha kwa chaki tu.

Mtazame vizuri kesho asubuhi. Macho madogo, mdomo uliorefuka kwenda chini, na pale kabla ya pezi la mkia kuna shina jembamba. Umeme unatoka kwenye shina hilo. Ndani mna seli bapa zilizopangana kama betri ndani ya tochi, na zote zikitoa pigo kwa pamoja, umeme husambaa majini kumzunguka samaki. Jiwe linaupitisha kwa namna yake, mdudu kwa namna yake, samaki mwenzake kwa namna yake. Ngozi ya domodomo imejaa vipokezi vinavyosoma tofauti hizo. Ndiyo maana anaweza kutafuta funza na wadudu wa matopeni usiku, kwenye maji ya tope, asikose.

Aliyelifungua jambo hili ni Hans Lissmann wa Cambridge. Alikuwa na samaki wa Kiafrika aitwaye Gymnarchus niloticus, ambaye yupo hata Ziwa Turkana, na alishangaa kumwona akiogelea kinyumenyume bila kugonga chochote. Mwaka 1951 alitangaza kwamba samaki huyo hutoa mapigo ya umeme bila kukoma. Baadaye, pamoja na Ken Machin, alimfundisha kutofautisha vyungu viwili vinavyopitisha maji, vyenye sura moja, ila ndani vina vitu tofauti. Samaki aliweza kujua kama ndani ya chungu mna kijiti cha kioo chenye unene wa milimita 2. Hakukiona, hakukigusa, hakukinusa.

Umeme huo umetoka wapi? Hapa, mama, ndipo ninapopapenda kuliko pote. Charles Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, alikiri kwamba viungo vya umeme vya samaki ni tatizo gumu kwake. Alikuwa mkweli. Leo tunajua kwamba seli zile ni misuli. Kila msuli ukijikaza hutoa umeme kidogo. Ukienda hospitali ukabandikwa nyaya kifuani, karatasi inayotoka na mistari ya kupanda na kushuka ni umeme wa moyo wako. Kwa domodomo, misuli fulani ya mkiani iliacha kazi ya kuvuta ikabaki na umeme peke yake.

Kwenye jeni jambo hili linaonekana wazi zaidi. Zamani sana, kabla ya kuwapo samaki wenye umeme, mababu wa samaki hawa walipata nakala mbili za jeni moja inayojenga mlango wa kupitisha chumvi ya sodiamu kwenye msuli, mlango unaowasha umeme wa msuli. Nakala moja ilitosha kwa kazi. Ya pili ikawa huru kubadilika, na kwa domodomo na jamaa zake ikahamia kwenye kiungo cha umeme. Sasa sikiliza: kule Amerika Kusini kuna samaki wengine wa umeme, wasio na undugu wa karibu na hawa wetu, walioupata umeme wao peke yao. Nao walitumia nakala ile ile ya jeni ile ile. Watafiti wa Texas wakiongozwa na Harold Zakon walionyesha hayo mwaka 2006. Mito miwili, mabara mawili, na njia iliyofuatwa ni moja, kwa sababu malighafi ilikuwa moja.

Kuhisi umeme, tofauti na kuutoa, ni jambo la kale zaidi. Papa anao uwezo huo. Kamongo anao. Silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamewahi kumnasa, ana kiungo puani kinachoaminika kufanya kazi hiyo. Vipokezi hivi ni ndugu wa ule mstari wa ubavuni ambao samaki huhisia mwendo wa maji. Baadaye babu wa samaki wengi wa mifupa aliupoteza uwezo huo, na sato na sangara hawana hata leo. Kisha jamaa chache zikaupata upya, zikiwamo za domodomo na kambare.

Na kambare ana hatari yake. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2000, kwa kambare mumi na jamaa mmoja wa domodomo wa kusini mwa Afrika, yalionyesha kwamba kambare anaweza kuyahisi mapigo ya samaki huyo na kumwinda kwayo, hasa madume, ambao mapigo yao ni marefu zaidi. Taa ile ile inayomwangazia domodomo chakula inaweza kumwita adui. Tena inamgharimu: jamaa yake mmoja wa Afrika ya Kati, mwenye ubongo mkubwa ajabu kwa samaki, hutumia karibu asilimia 60 ya oksijeni ya mwili wake kuulisha ubongo huo. Sisi binadamu tunatumia kama 20. Sehemu kubwa ya ubongo wake ni ile ya nyuma, inayoshughulika na umeme.

Mwambie mteja wako huyo aje anitembelee. Na domodomo mwenyewe amepungua sana ziwani ukilinganisha na ujana wangu. Ukiletewa wachanga kutoka kwenye nyavu za macho madogo, naomba uwakatae.

SWALI: Naendesha boti ya kuwapeleka watu kuona pomboo, Kizimkazi. Nasikia pomboo hutumia mwangwi kama popo. Wana undugu? – Nahodha

JIBU: Undugu wao ni wa mbali, kama wa mnyama yeyote anyonyeshaye, na mwangwi kila mmoja aliupata kivyake. Popo wa wadudu hutumia koo. Pomboo hutumia midomo midogo iliyo ndani ya njia ya pua, chini ya tundu la kichwani. Sauti hupita kwenye mafuta ya paji la uso, ambayo huielekeza mbele, na mwangwi huupokea kwa mafuta ya taya la chini yanayoupeleka sikioni. Visukuku vya Marekani vinaonyesha nyangumi wenye meno, jamaa ambayo pomboo ni wamoja wao, walikuwa na mwangwi miaka kama milioni 28 iliyopita. Lakini mwaka 2010 lilitoka jambo la kushangaza: katika protini iitwayo prestini, inayosaidia sikio kusikia sauti za juu, popo wa mwangwi na pomboo wana mabadiliko yanayofanana, mahali pale pale. Ndiyo maana nakuomba, nahodha, unapolikaribia kundi la pomboo, zima injini. Kelele zako zinaingia kwenye sikio hilo.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa miaka saba alizaliwa haoni. Siku hizi akitembea hupiga vidoko kwa ulimi. Shangazi zake wanasema anawasonya wakubwa, wanataka nimkataze. Nifanyeje? – Mama wa Kigoma

JIBU: Dada yangu, usimkataze. Hamsonyi mtu. Anasikiliza kuta.

Zamani hata wasioona wenyewe waliamini kwamba wanahisi ukuta kwa ngozi ya uso. Mwaka 1944 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu waliofungwa macho walitembea kuelekea ukuta. Walipozibwa masikio, waliugonga. Ilikuwa ni kusikia. Mmarekani Daniel Kish, aliyepoteza macho yote mawili akiwa mtoto mchanga kwa saratani, hutembea na hata huendesha baiskeli kwa kupiga vidoko, na amefundisha wengi. Mwaka 2011 ubongo wa wataalamu wawili wasioona wa njia hii ulipigwa picha wakiwa wanasikiliza miangwi, na sehemu iliyofanya kazi ni ile ambayo kwa anayeona hushughulikia macho. Sehemu haikukaa bure. Ilipewa kazi nyingine. Na mwaka 2021 watafiti wa Durham, Uingereza, walionyesha kwamba wiki 10 za mazoezi zinawatosha watu wazima kupata ujuzi huu kwa kiwango kizuri, wasioona na wanaoona pia. Mwanao ameanza mwenyewe, na mapema.

Msaidie hivi. Mkalishe mahali patulivu, ushike mfuniko mkubwa wa sufuria mbele ya uso wake, apige kidoko, aseme upo au haupo. Usogeze mbali kidogo, kisha kushoto, kisha kulia. Akishaweza, mpeleke kwenye kona ya nyumba, kwenye mti, kwenye ukuta wa bati na wa tofali, aseme tofauti anayoisikia. Mfundishe vidoko vifupi na vikavu, maana virefu hufunika mwangwi. Fimbo nyeupe asiiache, kwa sababu kidoko hakimwambii habari za shimo wala ngazi ya kushuka. Mwalimu wake shuleni naye aambiwe, asije akamwadhibu.

Shangazi zake wafunge macho kwa kitambaa, wasimame karibu na mlango, wapige vidoko ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Wataisikia tofauti wenyewe.